Krapf Akiwa Kitandani

Wiki mbili zilizopita nilienda kumwona mzee wetu mmoja upande wa Nyamira, ambaye figo zake zimekataa kazi. Aliniuliza mtu asiyeweza kulima, kuchuma majani chai wala kufika kanisani, anaishi kwa ajili ya nini. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo kichwa kilikimbilia faida na hasara. Nikanyamaza. Halafu nikaanza kumsimulia maisha ya Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, mtoto wa mkulima. Alihubiri Ethiopia miaka kadhaa, na njia ya kurudi huko ilipofungwa, akaja Zanzibar Januari 1844 na mke wake Rosine. Sultani Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha, wakahamia Mombasa. Tayari walikuwa wamemzika binti mmoja safarini kule kaskazini, waliyemwita Eneba, yaani chozi.

Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Julai homa ikaingia nyumbani. Tarehe 6 Rosine akajifungua msichana, na tarehe 13 akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa amelala hajiwezi, ikabidi ajikokote tu ili ahakikishe kama mke wake ameenda kweli. Siku chache baadaye mtoto akafuata. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili wapita njia waone kaburi na wakumbuke kilichowaleta. Hadi leo liko upande wa Nyali.

Sasa piga hesabu kama mtu wa biashara. Miezi saba hivi, mke na mtoto wamezikwa, mwongofu hakuna hata mmoja. Ningekuwa kwa kamati iliyomtuma, wacha niseme ukweli, ningefunga hilo tawi. Yeye aliwaandikia wakubwa wake Uingereza kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza.

Sisi wapentekoste tunapenda ushuhuda wa aliyeponywa na kutupa magongo. Krapf hana ushuhuda kama huo. Homa ilimrudia tena na tena. Mwaka 1846 mwenzake Rebmann alipofika, wakapanda mlima wa Rabai kuanzisha misheni wote wawili wakiwa wagonjwa, na punda alikuwa mmoja. Watoto wetu shuleni wanafundishwa kwamba Krapf aliuona Mlima Kenya mwaka 1849. Hawaambiwi kwamba aliishi hapa akiwa mgonjwa karibu kila mara.

Na mtu wa kwanza kubatizwa Rabai, baada ya miaka hiyo yote? Alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Hakujenga kanisa wala kuhubiri popote. Lakini wale wamisheni walimhesabu.

Mwaka 1853 afya ilimlazimisha Krapf kurudi Ulaya. Alikuja tena kwa muda mfupi kuwasaidia Wamethodisti, kisha akakaa Korntal, Ujerumani, na kamusi yake ya Kiswahili. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilichapishwa mwaka uliofuata, yeye hakuiona.

Nilidhani mzee angeuliza juu ya kamusi, maana aliwahi kuwa mwalimu. Hapana. Aliuliza Mringe alifanya nini baada ya kubatizwa. Nikamwambia hakufanya kitu, alikufa. Akanyamaza muda mrefu, nikaogopa nimemkosea. Kisha akaniomba nirudie hapo kwa Mringe, polepole, mama watoto naye asikie, kwa sababu alikuwa ameingia tu na uji. Nikarudia. Ndiye aliyeniambia niyaandike haya kwa jarida letu. Jumanne naenda tena, na kama kuna mshirika ana nafasi kwa gari lake, anipigie.