Muyaka bin Haji na Kipande cha Mizani Nane

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi Mombasa takriban kati ya mwaka wa 1776 na 1840, mji ulipokuwa chini ya Mazrui na watawala wa Oman wakiutaka. Wanafunzi wengi humjua kama mshairi aliyeutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni. Kauli hiyo imezoeleka mno, lakini haisemi aliufikisha kwa chombo gani. Chombo chenyewe ni kipande.

Tungo zake nyingi ni mashairi ya mishororo minne. Kila mshororo una mizani 16 na umekatwa katikati: ukwapi mizani 8, utao mizani 8, kila kimoja na kina chake. Mizani 8 zatosha kubeba kauli moja kamili ya Kimvita, iwe salamu, kejeli au lalamiko la njaa. Katika utenzi kipande cha urefu huo husimama peke yake. Muyaka alikitumia kwa jozi, ukwapi ukitupa neno na utao ukilipokea, mithili ya watu wawili wanaobishana barazani. Aliandika pia juu ya mapenzi, ukata na mambo ya nyumbani, na humo mkato wa kati huzaa kicheko mara kwa mara.

Siasa ndiyo iliyompa umaarufu. Mombasa na Pate ziliposhindwa na Lamu katika vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810, Muyaka aliendelea kuwapigania Mazrui kwa ulimi, akijibizana na washairi wa Lamu, miongoni mwao Bwana Zahidi Mngumi. Mwaka wa 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na viongozi wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Miaka michache baadaye Muyaka akafariki, upande wake ukiwa umeshindwa.

Tungo hizo zingeweza kupotea. Zilidumu hasa vinywani mwa watu kwa muda wa miaka 40 hivi, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka wa 1890, alipozikusanya na kuzifafanua akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. William Hichens alichapisha diwani mwaka wa 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa utafiti wake mwaka wa 1979.

Ni vigumu kuamini kwamba kumbukumbu ingeyahifadhi mengi hivyo bila vipande. Msomaji wa kughani akisahau neno, hesabu ya mizani humshtaki papo hapo, na kina humwonyesha neno lililotoka. Ila ulinzi huo una masharti yake. Wamvita husema mato, Kiswahili sanifu husema macho. Mhariri anayelisanifisha neno hilo mwishoni mwa ukwapi hubaki na mizani 8 kamili na kipande kisicho na kina.