Marie Curie: Alichemsha tani za mabaki kusaka chembe moja

Majani ya chai unayaondoa kwa kichujio. Misumari ikimwagika kwenye mchanga wa mjengo, unapitisha sumaku. Ukitaka kutenganisha vitu vilivyochanganyika, lazima kwanza ujue vinatofautiana wapi. Sasa we fikiria kitu kisichoonekana, kinachofanana mno na jirani yake, na kimejificha ndani ya tani nzima ya mabaki ya mgodi. Hapo utaanzia wapi?

Marie Curie alianzia kwa sufuria kubwa na moto.

Alizaliwa mwaka wa 1867 jijini Warsaw, Poland, ambako chuo kikuu hakikupokea wanawake. Alifundisha watoto wa matajiri majumbani mwao ili kumlipia dadake masomo ya udaktari jijini Paris, kisha akamfuata huko mwaka wa 1891.

Mwaka wa 1898, yeye na mumewe, Pierre, walitangaza elementi mbili mpya: poloniamu na radiamu. Walizigundua kwa sababu madini waliyopima yalitoa mionzi mikali kuliko urani iliyokuwamo. Lakini wanakemia hawakutaka hadithi. Walitaka radiamu yenyewe, ipimwe uzito.

Basi yakaletwa magunia ya mabaki kutoka mgodi wa Joachimsthal, uliokuwa Austria wakati huo. Maabara yake ilikuwa kibanda kinachovuja mvua. Alichemsha hadi kilo 20 kwa mkupuo, akikoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia urefu wake. Si mchezo!

Kigingi kilikuwa bariamu. Elementi hiyo inashabihiana sana na radiamu, hivyo zilitoka pamoja. Kumbe kulikuwa na tofauti ndogo: chumvi ya radiamu haiyeyuki majini kwa urahisi kama ya bariamu. Ukipasha moto mchanganyiko huo kisha uuache upoe, fuwele za kwanza kujitokeza huwa na radiamu nyingi kidogo. Unazitoa, unaziyeyusha, unaacha zipoe tena. Marie alirudia hivyo maelfu ya mara.

Mwaka wa 1902 alipata gramu 0.1 ya chumvi ya radiamu. Mwaka uliofuata akashinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Pierre na Henri Becquerel. Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi akafa mwaka wa 1906. Marie akaendelea, na mwaka wa 1911 akapata Nobel ya Kemia peke yake.

Je, alitajirika? Wapi! Yeye na Pierre walikataa kusajili hataza ya mbinu yao. Radiamu ikawa ghali hivi kwamba mwaka wa 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 ndipo mgunduzi mwenyewe apate gramu moja ya utafiti.

Alifariki mwaka wa 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyoishika miaka mingi bila kinga. Madaftari yake bado yanatoa mionzi, na huhifadhiwa Paris ndani ya masanduku ya risasi.

Kwa hivyo siku mwalimu atakapokupa chumvi iliyochanganyika na mchanga uvitenganishe, usione ni kazi ya kitoto. Tafuta tofauti, hata iwe ndogo, kisha rudia. Na tafadhali, vaa glavu.