Shaaban Robert na ile kesi ya Karama

Leo siasa tuziweke kando kidogo. Nataka tumzungumze mzee mmoja wa Tanga aliyefariki zamani, Shaaban Robert, na sababu ninayo.

Mjomba wangu ana shauri la kiwanja. Nikimwambia twende mahakamani hataki katu, anaamini anayekushitaki na anayekuhukumu wanakula sahani moja. Tulibishana mpaka usiku, mara nikakumbuka kitabu cha skuli, Kusadikika.

Shaaban alizaliwa 1909 Vibambani, Tanga. Alisoma Dar es Salaam, na 1926 akaanza ukarani wa forodha. Huko peke yake alikaa miaka 18! Baadae idara ya wanyama, ofisi ya wilaya, kisha upimaji ardhi, na kote ni karani tu chini ya Mwingereza. Mkewe Amina akafa na kumwachia watoto.

Sasa karani wa serikali ya kikoloni akiwa na la kusema, aliseme vipi na kazi asiikose? Mwaka 1951 akatoa Kusadikika, nchi inayoelea hewani. Kijana Karama kashitakiwa. Kosa lake? Kufundisha watu sheria. Basi, ndio hilo tu. Mshitaki ni waziri, Majivuno. Hakimu ni mfalme mwenyewe, na juu yake hakuna pa kukata rufaa. Karama akajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Walirudi na elimu ya kuifaa nchi, wakatiwa gerezani. Mwisho Karama akashinda, na wale wajumbe wakafunguliwa.

Skuli sie tuliambiwa ni hadithi ya maadili. Mie naona ni kesi dhidi ya mahakama yenyewe. Tanganyika ya wakati ule rufaa ya mwisho kabisa ilikwenda Privy Council, London. Kwa mkulima wa Tanga, London na hewani mbali ni kule kule. Na cha kuchekesha, Mwingereza huyo huyo akampa nishani ya MBE.

Baadae aliteremka chini. Utubora Mkulima inamhusu mtu anayeacha kazi ya mshahara akashika jembe, na Siku ya Watenzi Wote imo Dar es Salaam hasa, na shida zake. Hakuviona vikichapwa. Alikufa Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru, na vitabu hivyo vikatoka 1968.

Siku hizi mtu wa Micheweni akishindwa Mahakama Kuu ya Zanzibar anaweza kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979. Kule kwa kawaida wanakaa majaji watatu, sio mmoja. Mambo ya kadhi hayafiki huko, yanaishia hapa hapa Zanzibar. Nilimweleza mjomba yote haya. Akaniuliza nauli nani atatoa. Hapo nikanyamaza jamani, maana mfukoni hamna kitu.

Nikampelekea kitabu. Juzi nimemkuta kibarazani na miwani yake, yuko kwa mjumbe wa tatu. Kaniambia niende zangu, asipotezewe ukurasa.