Mwalimu wa dansi aliyewafikia wagonjwa wasiosema

Huenda nyumbani kwako au kwa jirani yako yuko mtu ambaye haongei tena. Anakaa pembeni siku nzima, anayumba mbele na nyuma, au anakunja ngumi na kutazama ukuta. Mmemwita, mmembembeleza, mmemgombeza, na mwisho mmechoka. Wiki hii nakusimulia maisha ya mwanamke ambaye hakuwa daktari wala muuguzi, lakini aliwafikia watu wa namna hiyo wakati ambapo wengi wetu katika fani hii walikuwa wamekata tamaa.

Jina lake ni Marian Chace. Alizaliwa mwaka 1896 katika mji wa Providence, Marekani. Akiwa bado kijana aliumia mgongo alipokuwa akipiga mbizi, na daktari akamshauri acheze dansi ili misuli ya mgongo ipate nguvu. Ushauri ule ndio uliompatia kazi ya maisha. Alisoma New York katika shule ya Denishawn, iliyoendeshwa na wachezaji mashuhuri Ruth St. Denis na Ted Shawn, na kufikia miaka ya 1930 alikuwa na shule yake mwenyewe ya dansi mjini Washington.

Hapo shuleni aliona jambo ambalo walimu wengi hawakulijali. Baadhi ya wanafunzi wake hawakuwa na nia yoyote ya kupanda jukwaani. Walikuja kwa sababu walitoka darasani wakiwa wepesi wa moyo. Basi Chace akapunguza kuwasahihisha hatua zao, akaanza kumwangalia kila mmoja: nani anakaza mabega, nani hawatazami wenzake, nani anaogopa kuinua mikono. Habari zikawafikia madaktari wa mji ule, nao wakaanza kumpelekea wagonjwa wao.

Mwaka 1942, vita kuu ya pili ikiwa imepamba moto, aliingia kufanya kazi St. Elizabeths, hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa Washington mwaka 1855. Wodi zilikuwa na maelfu ya wagonjwa, wakiwemo askari walioharibiwa akili na vita.

Ili uione thamani ya kazi yake, kumbuka hali ya tiba wakati huo. Dawa za skizofrenia hazikuwepo. Klopromazini, ambayo familia nyingi zinaijua hata leo, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Kabla ya hapo kulikuwa na shoti za umeme, sindano za insulini za kumzimisha mgonjwa, na hata upasuaji wa ubongo. Tiba ya mazungumzo ilikuwepo, lakini ilimtaka mgonjwa aongee. Asiyeongea alibaki kwenye benchi la wodi, mwaka hadi mwaka.

Chace aliingia wodini na santuri zake. Hakumwamuru mtu asimame wala hakumvuta mkono. Alianza na muziki mtulivu, akatazama. Akimwona mgonjwa anayumba, alisogea karibu, lakini si karibu mno, naye akayumba kwa mwendo uleule. Hakumwigiza kwa dhihaka. Aliupokea mwendo ule kama mtu anayeitikia hodi. Mgonjwa akionyesha dalili ya kumwona, hata kwa jicho tu, Chace aliongeza kitu kidogo: mkono ukafunguka, hatua ikawa ndefu zaidi. Taratibu wakawa wawili, kisha watano, mpaka duara likakamilika. Aliyetaka kubaki ukutani aliachwa, na nafasi yake kwenye duara ikamsubiri. Kipindi kiliishia kwenye duara hilohilo, ili mtu asirudi kitandani peke yake na hisia zilizoamshwa.

Naandika haya kwa aibu kidogo. Nilipokuwa daktari mwanafunzi, tulimpita kila asubuhi mgonjwa mmoja aliyekuwa akigonga goti lake kwa kiganja. Kwenye faili niliandika kwamba haongei na hatoi ushirikiano, nikaendelea na kitanda kinachofuata. Haikunijia kwamba kile kiganja kilikuwa ndiyo sauti aliyobaki nayo.

Dawa zilipokuja, Chace hakuziona kuwa adui, wala kazi yake haikuisha. Aliendelea kufundisha vijana waliotaka kuifanya kazi hii, na mwaka 1966 akawa rais wa kwanza wa Chama cha Tiba ya Dansi cha Marekani. Alifariki mwaka 1970. Leo tiba hiyo inafundishwa vyuo vikuu katika nchi kadhaa.

Sasa nikueleze kama daktari wako. Tiba ya dansi haiponyi skizofrenia, na tafiti zilizopo bado ni chache na ndogo. Chace mwenyewe alifanya kazi ndani ya hospitali, pamoja na madaktari na wauguzi. Tafadhali usimwachishe mgonjwa dawa kwa sababu ya makala hii.

Lakini yapo unayoweza kuyafanya nyumbani bila gharama. Keti ubavuni mwake, usimkabili uso kwa uso. Fuata kasi yake. Akitembea polepole, tembea polepole. Weka muziki anaoupenda, sauti iwe ya chini. Dakika tano zinatosha. Akigeuka au akikaza mwili, acha, jaribu tena kesho. Usimcheke na usiruhusu watoto wamwigize.

Kama ni mtoto mdogo ambaye hajaanza kusema, au alisema kisha akaacha, cheza naye, lakini usisubiri. Mpeleke hospitali apimwe masikio na ukuaji wake. Na kama mtu mzima ameacha kuongea ghafla, amekakamaa, hali wala hanywi, hiyo ni dharura. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa maana mwili unaweza kukosa maji na damu kuganda miguuni.

Jioni ya leo, kabla hujamwita tena kwa sauti yule ndugu aliyekaa pembeni, mtazame kwanza. Angalia mikono yake, miguu yake, namna anavyopumua. Kisha kaa karibu naye.