GARI ALILOPANDA, GARI ALILOKATAA

Kijana unayesoma karatasi hii!

Labda umepewa hapa uwanjani. Labda umeikuta kwenye benchi la pantoni ukivuka kwenda Kigamboni. Usiitupe baharini. Hatutaki pesa yako, wala hatukuulizi unasali wapi. Tupe dakika tano tu tukusimulie habari za binti mmoja aliyekufa zamani, kisha tukuulize swali moja.

Mambo ya mtaani unayajua. Binti akisema hajawahi kulala na mwanaume, wenzake wanamcheka, eti mshamba. Mvulana akisema hajawahi, wanamwuliza kama ni mzima kweli. Lakini siku ya kuoa, wale wale waliokuwa wanacheka wanataka bikira! Na hapa pwani bibi zetu walikuwa na kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha usiku wa harusi, ili kungwi aangalie damu. Bwana harusi je, alikaguliwa na nani? Hakuna.

Sasa ubikira ni nini hasa? Ni damu kwenye kitambaa? Sikiliza habari hii.

BINTI WA WAMBA

Aliitwa Anuarite Nengapeta. Alizaliwa mwaka 1939 huko Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Nyumbani kwao walizaliwa wasichana watupu. Baba yake alitaka mtoto wa kiume, na mwisho wake akamwacha mama. Kama wewe nawe umelelewa na mama peke yake, basi huyu ni mwenzako.

Akasoma, na moyoni akatamani kuwa mtawa. Wakubwa wakamwona bado mdogo. Lakini siku lori lilipokuja kuchukua wasichana wa kwenda kwenye nyumba ya watawa ya Bafwabaka, naye akajipenyeza akapanda, bila kumuaga mama yake! Mwaka 1959 akaweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu. Akawa mwalimu wa watoto wa shule ya msingi.

Utasema: ah, hayo ni ya Wakatoliki. Tulia kwanza, ndugu yangu. Si kila mtu ameitwa kuishi bila ndoa, na ndoa ni kitu chema. Tunachotaka uone ni hiki: hakuna aliyemlazimisha kupanda lile lori. Maisha yake, pamoja na mwili wake, alimpa Mungu kwa hiari yake mwenyewe.

USIKU WA ISIRO

Mwaka 1964 Kongo iliwaka moto. Waasi waliojiita Simba waliuteka mji wa Stanleyville mwezi wa Agosti, mji ambao leo ni Kisangani. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakatua mjini humo, na Simba waliokuwa mikoani wakapandwa na hasira. Tarehe 29 Novemba wakafika Bafwabaka. Wakawapakia watawa kwenye lori, na kesho yake wakawafikisha mji wa Isiro.

Usiku ule kanali mmoja wa waasi, Ngalo, akamtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Kanali mwingine, Pierre Olombe, akamtisha kwamba atamwua. Akakataa. Baadaye Olombe naye akamtaka kwa ajili yake mwenyewe, akataka kumwingiza kwenye gari kwa nguvu, yeye na mtawa mwenzake. Anuarite akagoma kupanda. Wakapigwa vibaya sana, na yule mwenzake akavunjwa mkono.

Katikati ya kipigo hicho, Anuarite akamtamkia Olombe kwamba amemsamehe. Olombe akazidi kuwaka. Akawaita Simba wamchome, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi. Akafa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, akiwa na miaka 24 tu.

Karibu miaka 21 ikapita. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenyeheri, na akatangaza msamaha kwa yule aliyemwua. Hata hapa Tanzania wapo mabinti wanaoitwa Anuarite.

USIELEWE VIBAYA

Hatukwambii ukubali kufa. Hapana! Na kama wewe ulishalazimishwa, iwe na ndugu, na mwalimu au na jirani, sikia neno hili: mbele za Mungu hukupoteza kitu. Mwenye hatia ni yeye, siyo wewe. Usikae kimya kwa aibu. Wahi hospitali kabla ya saa 72 kwisha, upewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Nenda polisi, lipo dawati la jinsia. Ubakaji ni kosa zito katika sheria za nchi hii.

Ubikira wa Anuarite haukuwa damu. Madaktari wanajua kabisa kwamba wasichana wengi hawatoki damu mara ya kwanza, na wala kitambaa hakithibitishi lolote. Ubikira wake ulikuwa kauli yake. Wenye bunduki waliweza kuutoa uhai wake, lakini "ndiyo" yake hawakuipata!

NA WEWE JE?

Dada, pengine wewe hujashikiwa bunduki. Umeshikiwa chipsi kuku, lifti ya bodaboda mpaka Mjimwema, simu mpya. Anakwambia kama kweli unampenda, uthibitishe. Gari limesimama mbele yako. Unapanda kwa sababu umechagua, au unaogopa kuchekwa?

Na wewe kaka, usikae pembeni unacheka. Wewe ndiye mwenye gari! Tangu lini mapenzi yakathibitishwa kwa kumbana mtu kwenye kona? Olombe alifikiri mwanamke ni kitu cha kuchukuliwa na mwenye nguvu. Wewe huna bunduki, una maneno na una pesa kidogo. Lakini kama hukubali kuambiwa hapana, mawazo yako na yake yana tofauti gani? Hata wewe mwili wako una thamani. Jitunze, umtunze na mwenzako, mpaka siku mtakayosimama mbele ya watu na kuahidiana maisha.

Pengine unasema, mimi nimeshachelewa, nimeshapita kwa wengi. Hujachelewa. Yule mwanamke Msamaria alikuwa ameshakuwa na waume watano, na Yesu alikaa naye kisimani akazungumza naye kwa heshima. Hakumkagua kwa kitambaa. Alimpa mwanzo mpya. Wa kwako pia upo.

Swali letu ni hili: NANI MWENYE KAULI JUU YA MWILI WAKO? Washikaji? Pesa? Woga? Au wewe na Mungu aliyekuumba?

Usijibu haraka. Leo usiku, taa ikizimwa, mwambie Mungu kwa maneno yako mwenyewe yale ambayo hujawahi kumwambia mtu. Halafu kesho gari likisimama, utajua la kusema.

Ukimaliza kusoma, mpe na mwenzako.