Marehemu Eugene Lipscomb na Bei ya Dola 100

Tarehe 10 Mei, 1963, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, alifariki dunia Eugene Lipscomb akiwa na umri wa miaka 31. Alikuwa miongoni mwa walinzi mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na mabavu kuliko kwa miguu. Uchunguzi wa serikali ulitamka kwamba kilichomuua ni heroini. Tunamwandika kwa sababu unga huo huo umekwisha kuingia visiwani mwetu, na wapo wakubwa wanaodhani kuwa huwapata wahuni na wavivu peke yao.

Lipscomb hakuwa mvivu. Alizaliwa mwaka 1931, akafiwa na baba angali mdogo, na alipokuwa na miaka 11 mama yake aliuawa kwa kisu mjini Detroit, akiwa kituoni anangojea basi. Yatima huyo akalelewa na babu yake, tena kwa ukali. Chuo kikuu hakukiona, jambo la nadra katika mchezo ambao wengi wa wachezaji wake hutoka vyuoni. Kutoka jeshini alichukuliwa na Los Angeles Rams mwaka 1953. Mwaka 1956 Rams wakamwacha, na Baltimore Colts wakamtwaa kwa ada ya dola 100.

Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Urefu wake ulikuwa futi 6 na inchi 6, na uzito wake ulikaribia kilo 130. Kazi ya mlinzi wa mstari wa mbele ni kuuvunja ukuta wa wapinzani na kumwangusha mwenye mpira. Walinzi wenye mwili kama wake walizoea kungojea pale walipo. Yeye alimfukuza adui kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, na akisha kumwangusha humwinua kwa mkono wake. Tarehe 28 Desemba, 1958, mjini New York, Colts waliwashinda Giants 23 kwa 17 katika muda wa nyongeza wakatwaa ubingwa, na mwaka 1959 wakautwaa tena. Watu walimwita Big Daddy, yaani baba mkubwa, ingawa kwetu sisi baba mkubwa ni ndugu wa baba, mtu wa kukimbiliwa wakati wa shida. Yeye hakuwa na wa kumkimbilia.

Mwenyewe alikiri kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kwa hofu. Mchezo ukisimama alishindana mieleka ya kulipwa, na usiku aliumaliza kwa pombe. Mwaka 1961 alihamishiwa Pittsburgh Steelers. Januari 1963, katika mechi ya wachezaji bora wa nchi nzima, alichaguliwa kuwa hodari wa mstari wa mbele. Miezi minne baadaye alikuwa maiti.

Rafiki zake walikataa katakata uamuzi ule. Walisema aliiogopa sindano kama mtoto. Hatuna uwezo wa kuamua baina yao na madaktari. Tunalolijua ni kwamba waliomhesabia uzito na mbio walikuwa wengi, na wa kumuuliza habari ya usingizi wake walikuwa haba.

Maelfu ya watu wa Baltimore walipanga mstari kumuaga. Kisha akasafirishwa, akazikwa kando ya Detroit, mji alikouawa mama yake.