Frederick Douglass: Biblia ilisomwa kwa sauti, mtoto mtumwa akataka kujua kusoma

Kabla hajajua hata herufi moja, Frederick Douglass alishajua kitabu kikisomwa kinasikikaje.

Alizaliwa mtumwa mwaka 1818 katika jimbo la Maryland, Marekani. Alitenganishwa na mama yake akiwa mchanga, na mama huyo akafariki Frederick akiwa na miaka kama 7 tu.

Mwaka 1826 alipelekwa mjini Baltimore, nyumbani kwa Hugh na Sophia Auld. Kazi yake ilikuwa kumwangalia mtoto wao mdogo.

Sophia alipenda kusoma Biblia kwa sauti. Frederick akawa anasikiliza, anajiuliza inakuwaje zile alama za kwenye karatasi zinageuka maneno. Siku moja akamwomba amfundishe.

Sophia hakusita. Alianza na a, b, c, na haikuchukua muda dogo akawa anaunganisha maneno mafupi.

Mumewe alipojua, alikuja juu. Alimwambia mkewe kwamba mtumwa akijua kusoma hatatawalika tena. Kumbe Frederick alikuwepo na alisikia yote. Akaelewa: kama bwana wake anaogopa kusoma kiasi hicho, basi njia ya uhuru inapita hapo hapo.

Masomo yakakatishwa. Sophia naye akabadilika, akimkuta na gazeti anampokonya. Lakini hamu ilishaingia.

Frederick akawa anatoka na kitabu na mkate. Watoto wa kizungu wa mtaani waliokuwa na njaa walipata mkate, yeye akapata somo. Akiwa na miaka kama 12 alinunua kitabu cha hotuba, The Columbian Orator, kwa senti 50.

Baadaye, akiwa shambani, aliwafundisha watumwa wenzake kwa siri siku za Jumapili. Kuna wakati walizidi 40, wote wakijua wakigundulika ni viboko.

Alitoroka Septemba 3, 1838. Mwaka 1845 alichapisha simulizi ya maisha yake, na mwaka 1847 akaanzisha gazeti lake la kupinga utumwa, The North Star. Alifariki Februari 20, 1895.

Kwa mzazi anayesubiri mwanawe aanze darasa la kwanza ndipo ashike kitabu, kuna la kujifunza hapa. Sophia hakuwa mwalimu. Alisoma tu kwa sauti, na mtoto alikuwa karibu akisikia.